Barua ya wazi kwa wakfu zinazofadhili kazi za wahamiaji: lipieni kazi nzima

Waheshimiwa wajumbe wa bodi, wakurugenzi wa programu na maofisa wa ruzuku,

Salaam. Tunawaandikia sisi tunaoshika daftari la hesabu, tunaopanga madarasa na tunaofanya ukalimani katika vikundi vinavyowahudumia na kuwatetea wahamiaji na wakimbizi. Fedha zenu tunazijua kwa karibu: zinaingia lini, zinaishia wapi, na ni kitu gani hubaki bila kulipiwa. Hatuwaandikii kuomba fungu kubwa zaidi. Tunaandika juu ya namna ruzuku zenyewe zinavyopangwa, kwa sababu mpangilio huo mara nyingi huiharibu kazi ambayo fungu lililopo lingetosha kuifanya.

Ombi letu ni hili: lipieni kazi nzima. Mtu anayefika nchi ngeni hafiki vipande vipande. Anayehitaji lugha ndiye huyohuyo anayehitaji kibali cha ukaazi, cheti chake cha ufundi kitambuliwe, mahali pa kumwacha mtoto, na mtu wa kusimama mbele ya kamati ya bunge aeleze kwamba kanuni fulani inamnyima kazi. Ruzuku zinamgawa. Lugha inalipiwa na mfadhili huyu, msaada wa kisheria na yule, na utetezi unakosa mlipaji. Anayebaki kuviunga vipande hivyo ni kikundi, na kazi ya kuunga haina mstari wake katika bajeti.

Tuanze na darasa la lugha, maana hilo hupendwa na karibu kila mfadhili. Ujerumani imekuwa na kozi rasmi ya utangamano tangu 2005. Kozi ya kawaida ina vipindi 600 vya lugha na vipindi 100 vya kuifahamu nchi, sheria zake na historia yake, na kila kipindi ni dakika 45. Lengo la lugha ni kufika kiwango cha B1, yaani cha tatu kati ya sita vinavyotumika Ulaya kupima lugha. Vipindi 600 ni saa 450. Sasa lichukueni darasa la kawaida linalolipiwa kwa ruzuku: mara mbili kwa wiki, saa mbili kila mara, wiki 40 kwa mwaka. Hizo ni saa 160. Kwa mwendo huo saa 450 zinatimia baada ya karibu miaka mitatu, na hapo hatujahesabu siku za ugonjwa, za kuitwa ofisi ya uhamiaji, wala za zamu ya usiku kazini.

Pamoja na hayo, ruzuku ya mwaka mmoja huja na kiashiria kinachotaka asilimia 70 ya washiriki wafike B1 ndani ya miezi 12. Kikundi kitafanya nini? Kitachuja. Kitawapokea waliomaliza sekondari, wanaojua tayari kusoma herufi zinazotumika nchini, walio na muda. Mama ambaye hakupata kukaa darasani hata siku moja ataambiwa nafasi zimejaa. Ripoti itasomeka vizuri na asilimia itatimia, lakini yule ambaye fedha zilitengwa kwa ajili yake atakuwa amebaki nje ya mlango. Kiashiria kinachofaa ni kupanda hatua moja kutoka pale mtu alipoanzia, hata kama hatua hiyo ni kutoka kutojua kusoma hadi kusoma ratiba ya basi. Wasiosoma wapimwe peke yao, wasichanganywe na waliosoma. Na ulizeni kila mara jambo ambalo fomu nyingi haziulizi: nani ameacha, wiki ya ngapi, kwa sababu gani.

Sababu zenyewe hujulikana. Darasa la watu 15 wenye watoto wadogo sita linahitaji chumba cha pili na walezi wawili waliochunguzwa kama sheria inavyotaka. Linahitaji nauli mkononi siku ileile. Mtu asiye na akiba hawezi kutanguliza nauli ya mwezi mzima halafu angoje arudishiwe kwa risiti. Bajeti ikipunguzwa, mistari hii miwili ndiyo hukatwa kwanza, kwa maelezo kwamba si shughuli kuu. Mwalimu analipwa, vitabu vinanunuliwa, na nusu ya viti vinabaki vitupu.

Sasa tufungue daftari la hesabu. Chukueni ruzuku ya 60,000 kwa miezi 12, sarafu yoyote ile. Mkataba unasema 40% italipwa baada ya kutiwa saini, 40% baada ya ripoti ya nusu mwaka kukubaliwa, na 20% baada ya ripoti ya mwisho. Kikundi kinatumia 5,000 kwa mwezi. Awamu ya kwanza ni 24,000, kwa hiyo inakauka kabla mwezi wa tano haujaisha. Ripoti ya nusu mwaka haiwezi kuandikwa mpaka mwezi wa sita umalizike. Ofisa wenu anaisoma, anauliza maswali mawili matatu, anasubiri sahihi ya mkuu wake, na fedha zinafika katikati ya mwezi wa nane. Kikundi kimeshakaa zaidi ya miezi miwili na nusu bila senti ya mradi. Mwalimu anadai, pango limelimbikizwa, au imeguswa hela ya mradi mwingine.

Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Mkaguzi wa hesabu akilikuta ataliandika kuwa ni matumizi ya fedha zilizofungwa, yaani zilizotengewa kazi moja tu, nje ya kusudi lake, na hana kosa kuandika hivyo. Kikundi kitachafuka jina, ilhali mzizi wa kosa uko kwenye ratiba ya malipo. Ile 20% ya mwisho, yaani 12,000, inabidi kikundi kiitangulize kisha kirudishiwe miezi kadhaa baada ya mradi kufungwa. Shirika kubwa lenye akiba linaweza. Kikundi kilichoanzishwa na wakimbizi wenyewe hakina akiba, na benki haikikopeshi. Ndiyo maana ruzuku zenye masharti haya huishia kwa mashirika makubwa hata pale tangazo linaposema zinalenga vikundi vidogo.

Tiba yake ni nyepesi. Toeni 60% mkataba ukitiwa saini. Toeni 40% mwezi wa sita kwa taarifa ya matumizi ya ukurasa mmoja, bila kusubiri ripoti ya maelezo. Msizuie kitu mwishoni. Sheria ya nchi yenu ikilazimisha kuzuia, basi isizidi 5%. Mkiona kikundi ni kipya na mna wasiwasi nacho, gaweni malipo kila robo mwaka, lakini yalipwe kabla ya robo kuanza. Kinachokiua kikundi ni kulipwa nyuma ya matumizi; wingi wa awamu hauna shida.

Gharama za uendeshaji nazo zimesemwa sana, ila hesabu yake huwekwa mezani mara chache, kwa hiyo tuiweke. Kikundi kina gharama za moja kwa moja za miradi 200,000 kwa mwaka. Gharama za pamoja, yaani pango, mhasibu, ukaguzi, bima, kompyuta, mwanasheria wa mikataba na muda wa mratibu, ni 44,000. Gawanyeni ya pili kwa ya kwanza mpate 22%. Hicho ndicho kiwango halisi cha kikundi hicho, na kila kikundi kinaweza kukitoa kutoka hesabu zake zilizokaguliwa. Sasa kina wafadhili watatu. Wa kwanza anabeba 80,000 za mradi na kuongeza 7%, nazo ni 5,600. Wa pili anabeba 70,000 na kuongeza 10%, nazo ni 7,000. Wa tatu anabeba 50,000 na hatoi gharama za uendeshaji kabisa. Jumla ni 12,600. Pengo ni 31,400.

Angalieni kinachotokea kikundi kikishinda ruzuku ya nne, ya 50,000 kwa 7%. Kinaingiza 3,500, lakini kinaongezewa mfumo mwingine wa ripoti, akaunti nyingine, pengine ukaguzi mwingine wa peke yake. Ruzuku mpya imelipanua tundu lilelile ambalo kila mtu alidhani itaziba. Pengo hilo hulipwa na mratibu anayefanya kazi usiku bila malipo, na mhasibu anayekuja siku moja kwa wiki. Ripoti zikichelewa kwa sababu hiyo, tathmini zenu husema kikundi kina uwezo mdogo. Hukumu hiyo inatuuma, na tunaomba muitazame upya.

Kiwango cha 7% kimezoeleka katika mifuko ya Umoja wa Ulaya, ukiwemo ule wa hifadhi, uhamiaji na utangamano. Serikali ya shirikisho ya Marekani, kwa wapokea ruzuku ambao hawajajadiliana nayo kiwango chao cha gharama za uendeshaji, ilitumia 10% kwa miaka mingi, ikapandisha hadi 15% kuanzia Oktoba 2024. Ninyi hamfungwi na hata kimoja kati ya hivyo. Mnaweza kulipa gharama halisi kesho asubuhi kwa uamuzi wa bodi. Wakfu wa Ford ulianzisha mwaka 2016 programu ya BUILD, yenye hadi dola bilioni 1, inayowapa wapokeaji ruzuku za miaka mitano zenye uhuru mkubwa wa matumizi, pamoja na sehemu iliyotengwa kuimarisha taasisi yenyewe. Njia hiyo haihitaji utajiri wa kiasi hicho. Wakfu mdogo unaotoa ruzuku kumi za mwaka mmoja unaweza kutoa tatu za miaka mitatu zisizofungwa, na kuwaokolea watu wake muda wa kusoma maandiko ya miradi ambayo mengi yatakataliwa.

Tunakuja kwenye jambo linalotusumbua kuliko yote, nalo ni utetezi.

Mkataba wa ruzuku huwa na kifungu kinachosema: fedha hizi haziwezi kutumika kwa shughuli zozote za kisiasa. Mwanasheria aliyekiandika alikuwa na nia ya kulinda wakfu. Lakini kikundi kikikisoma kinaogopa kila kitu. Kinaacha kuiandikia halmashauri kuhusu foleni ya vibali. Kinaacha kuwaeleza wapangaji haki zao. Kinaacha hata kuhudhuria kikao ambacho wizara yenyewe imekialika. Kifungu hicho kimezuia kazi ambayo sheria haikuizuia.

Utetezi una sura nyingi na hazilingani mbele ya sheria. Kuwaeleza watu haki zao ni elimu. Kukusanya ushahidi kwamba maombi yamekaa miezi kadhaa bila kujibiwa ni utafiti. Kukaa na maofisa kujadili namna kanuni inavyotekelezwa ni ushauri. Kufungua kesi kwa maslahi ya umma ni haki ya kwenda mahakamani. Kuwashawishi wabunge wapitishe au waukatae muswada fulani ndiko sheria nyingi hukuwekea mpaka. Kuunga mkono chama au mgombea ni jambo jingine kabisa, na nchi nyingi hulikataza moja kwa moja kwa mashirika ya hisani.

Marekani ni mfano mzuri kwa sababu mipaka yake imeandikwa kwa tarakimu. Shirika la hisani la umma linaloamua kutumia utaratibu wa kifungu cha 501(h) cha sheria ya kodi linaruhusiwa kutumia kwa ushawishi wa sheria 20% ya dola 500,000 za kwanza za matumizi yake ya hisani, kisha asilimia inapungua kadiri matumizi yanavyoongezeka, hadi ukomo wa dola milioni 1 kwa mwaka. Wakfu binafsi hauruhusiwi kutenga ruzuku kwa ajili ya ushawishi wa sheria. Lakini unaweza kutoa ruzuku ya uendeshaji kwa shirika linalofanya ushawishi huo, mradi haikutengwa kwa kazi hiyo. Unaweza pia kulipia mradi wenye sehemu ya ushawishi, ilimradi ruzuku isizidi sehemu ya bajeti ya mradi isiyo ya ushawishi. Mradi wa 100,000 wenye ushawishi wa 20,000 unaweza kupata hadi 80,000 kutoka wakfu mmoja. Maofisa wengi wa ruzuku wangelijua hili wasingewarudishia vikundi maandiko yao wakisema wafute neno utetezi. Uingereza nako, mwongozo wa Charity Commission, chombo kinachosimamia mashirika ya hisani, unaruhusu mashirika ya hisani kupigania mabadiliko ya sheria pale yanapotimiza malengo ya shirika, huku ukikataza kuunga mkono chama.

Badilisheni kifungu. Andikeni: fedha hizi hazitatumika kuunga mkono au kupinga chama au mgombea; shughuli nyingine za utetezi zinazoruhusiwa na sheria ya nchi ya mpokeaji zinaruhusiwa. Mistari miwili hiyo itawafungua midomo watu wengi kuliko mafunzo kumi ya kujenga uwezo.

Utetezi pia una saa yake. Muswada unatangazwa, na muda wa kutoa maoni ni wiki chache. Mzunguko wa ruzuku zenu, tangu tangazo hadi malipo, ni miezi. Wekeni kando mfuko mdogo wa dharura: ombi la kurasa mbili, uamuzi ndani ya siku kumi za kazi, na fedha zilipwe zote kwa mkupuo. Lakini mfuko huo usiwe badala ya fedha za kudumu. Anayesikilizwa na kamati siku ya muswada ni yule aliyeshinda miaka miwili akipeleka takwimu na kujibu simu za watumishi wa kamati wakati hakukuwa na muswada wowote. Miaka hiyo miwili haina tukio la kupiga picha, na kwa hiyo hakuna anayetaka kuilipia.

Msitudai sheria ibadilike ndani ya miezi 12. Ulizeni maoni gani yaliwasilishwa, nani alipata kusema kwa sauti yake mwenyewe, tatizo gani lilirekodiwa kwa ushahidi unaoweza kusimama mahakamani. Na pale hali ya hewa ya kisiasa imekuwa mbaya, kuzuia sheria mbaya isipite ni matokeo, ingawa ukiitazama sheria yenyewe haijabadilika hata neno.

Hatari tunaijua. Hungaria ilipitisha mwaka 2018 sheria ya kuwaadhibu wanaowasaidia waomba hifadhi kwa njia fulani, na mwaka huohuo ikaweka kodi ya 25% juu ya ufadhili wa shughuli ilizoziita za kuunga mkono uhamiaji. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitamka Novemba 2021 kwamba sheria ile ya jinai ilikwenda kinyume na sheria za Umoja. Kutoka kupitishwa hadi hukumu ni zaidi ya miaka mitatu, na katika miaka hiyo vikundi vilihitaji wanasheria, ulinzi wa kompyuta zao, na mfadhili asiyekimbia. Kwa hiyo katika kila ruzuku ya utetezi wekeni mstari wa mwanasheria na mstari wa usalama wa data. Na kabla ya kutangaza jina la mpokeaji kwenye tovuti yenu, muulizeni kwanza.

Usalama unatuleta kwenye karatasi ya mahudhurio. Itazameni ile mnayotutumia. Ina safu ya jina kamili, namba ya simu, uraia, hadhi ya ukaazi, umri na sahihi. Inawekwa mezani mlangoni, na kila anayeingia anasoma ya mwenzake aliyemtangulia. Mtu ambaye ombi lake la hifadhi limekataliwa anaiona safu ya nne, anasema amesahau kitu nje, na harudi. Karatasi hiyo inapigwa picha, inatumwa kwa barua pepe, inahifadhiwa miaka saba kwa ajili ya mkaguzi. Siku mamlaka zikiidai kwa amri ya mahakama, nyinyi na sisi tutakuwa tumewaandikia orodha.

Kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, inataka zikusanywe taarifa zinazohitajika tu kwa kusudi lililotajwa. Ili kujua kwamba watu 15 walisoma hamhitaji hadhi ya ukaazi ya hata mmoja. Kila mshiriki apewe namba. Orodha inayounganisha namba na jina ikae kwa kikundi, imefungwa kwa nywila, na watu wawili tu ndio waifungue. Kwenu ije idadi, jinsia, na umri kwa makundi ya miaka kumi. Mkaguzi akitaka kuhakiki, aje aangalie palepale ofisini, asichukue nakala. Mradi ukifungwa na muda wa sheria ya hesabu ukipita, orodha ifutwe, na kufutwa kwake kuandikwe.

Kuhusu ukalimani tutasema mafupi, kwa kuwa ni hesabu tu. Kikao cha saa tatu chenye ukalimani wa kupokezana, msemaji anasema kisha mkalimani anafuata, kina saa moja na nusu ya mazungumzo. Msipange ajenda ya saa tatu. Ukalimani wa papo kwa papo unahitaji wakalimani wawili kwa kila lugha, wakibadilishana kila dakika 20 hadi 30, maana akili huchoka na makosa huanza. Kikao cha lugha tatu kinataka wakalimani sita. Nyaraka ziwafikie wiki moja kabla, la sivyo istilahi watazibuni wakiwa wamekaa kibandani. Mtoto asikalimani mambo ya mama yake kwa mwanasheria, hata kwa dakika tano. Mkilipia mashauriano na jamii bila kulipia haya, mtasikia sauti za wanaojua lugha yenu tu, na mtaandika kwamba jamii imesema.

Wakimbizi wenyewe kuongoza ni jambo mnalolitaja sana kwenye mikakati yenu. Mwaka 2016, wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana kwenye mkutano wa kibinadamu wa Istanbul kwamba kufikia 2020 walau 25% ya fedha za misaada ya kibinadamu ziwafikie wahusika wa ndani kwa njia ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Lengo halikufikiwa. Sehemu ya sababu ni benki. Kikundi hakiwezi kufungua akaunti kwa kuwa watia saini wake wana hati ambazo benki haizitambui, au kwa kuwa benki imesikia neno wakimbizi ikaona hatari. Kikosi Kazi cha Kimataifa cha Fedha Haramu, FATF, kilirekebisha Pendekezo lake la 8, linalohusu kuzuia mashirika yasiyo ya faida yasitumiwe kufadhili ugaidi, tena Novemba 2023 kusisitiza kwamba hatua zilenge hatari halisi, zisiyaburute mashirika yote yasiyo ya faida. Barua kutoka kwa wakfu unaoheshimika, ikitaja pendekezo hilo na kueleza chanzo cha fedha, hufungua mlango wa benki kuliko barua kumi za kikundi.

Akaunti ikishindikana kabisa, hutumika shirika mlezi linalopokea fedha kwa niaba ya kikundi. Utaratibu huu unafaa ukiandikwa vizuri, na unaharibu ukiachwa kwenye maneno ya mdomo. Makubaliano yataje asilimia ya mlezi na ilipwe juu ya ruzuku, isikatwe ndani yake. Yataje siku za kutoa fedha tangu ombi, kwa mfano tano za kazi. Kikundi kipate nakala ya taarifa ya akaunti kila mwezi. Ripoti zije kwenu zikiwa na jina la kikundi. Na tarehe ya kuangalia kama kikundi sasa kinaweza kusimama chenyewe iandikwe tangu siku ya kwanza, kwa sababu mlezi anayepata asilimia hana haraka ya kumwachisha mtoto ziwa.

Mkiwaita watu wenye uzoefu wa uhamiaji kwenye kamati zenu za kuchagua miradi, walipeni, lakini ulizeni kwanza. Mwombaji hifadhi anaweza kuwa haruhusiwi kupokea ujira, na posho yenu ikamletea kesi au ikamkatia msaada anaoutegemea. Pateni ushauri wa kisheria wa nchi husika, kisha mpeni aliyealikwa achague: posho, nauli na chakula, au mchango kwa kikundi chake. Na wawe zaidi ya mmoja. Mtu mmoja katikati ya wataalamu kumi hana atakachobadilisha.

Hamna haja ya kuyafanya haya kila mmoja peke yake. Wakfu za Ulaya zimekuwa na mfuko wa pamoja wa uhamiaji na utangamano, EPIM, tangu 2005. Marekani ilipata Four Freedoms Fund mwaka 2003, inayounganisha wafadhili wanaosaidia mashirika ya haki za wahamiaji katika majimbo. Mfuko wa pamoja una faida ambayo mpokeaji huihisi mara moja: andiko moja, ripoti moja, ukaguzi mmoja. Wakfu unaoogopa kuonekana peke yake kwenye utetezi hupata kivuli cha wenzake. Kasoro yake ni uamuzi wa polepole, na wakati mwingine kila mwanachama huongeza swali lake hadi fomu ikawa kitabu. Kubalianeni mapema kwamba fomu ni moja na ina kurasa zisizozidi sita.

Mwisho wa ruzuku ndio unaotupotezea kazi nyingi. Mkakati mpya unapitishwa na bodi, uhamiaji unaondolewa kwenye orodha ya vipaumbele, na barua inafika wiki sita kabla ya mkataba kwisha. Mwanasheria aliyekuwa na kesi 40 mkononi anatafuta ajira kwingine. Kesi hizo haziishi siku ile. Mashauri ya hifadhi huenda miaka, na mteja anayebadilishiwa mwanasheria katikati huanza kusimulia mateso yake upya. Baada ya Marekani kulifunga shirika lake la misaada la USAID mwaka 2025, wafadhili wa kukimbilia wamepungua, na wakfu ukijitoa ghafla hakuna wa kuushika mzigo.

Tunaomba taarifa ya maandishi miezi 12 kabla. Tunaomba ruzuku ya kufungia, walau nusu ya ile ya mwaka wa mwisho, isiyo na shughuli mpya ndani yake, iende kwenye kukamilisha kesi zilizo wazi, kulipa stahiki za wafanyakazi na kukabidhi majalada kwa watakaopokea wateja. Tunaomba ofisa wenu atumie sehemu ya muda wake kututambulisha kwa wafadhili wengine wakati bado tuna hesabu nzuri za kuonyesha. Na mkataba wa sasa hivi, ule ulio kwenye droo yenu, uangalieni kifungu cha kusitisha. Kama kinasema siku 30, kibadilisheni katika kikao kijacho cha bodi.

Wenu katika kazi hii,

Wahasibu, waratibu, walimu na wakalimani wa vikundi vya wahamiaji na wakimbizi